Tumelala mlimani upande wa Kayenze, usiku jabali likalia mara tatu. Wajuvi wa mawe, hiki ni nini?

#1 MbioZaAlfajiri (mleta uzi), Jumatatu saa 2:10 usiku

Wakuu habari za jioni.

Sisi ni klabu ya jogingi ya mtaani, watu kumi na wanne. Kila mwaka tunachanga kidogo kidogo tunatoka siku moja. Mwaka juzi tulikwenda Saanane, mwaka jana Bujora pale Kisesa, safari hii tukakubaliana tukalale juu ya mlima. Uko upande wa Kayenze, huku kwetu Mwanza kando ya Ziwa Victoria, ukishapita Igombe. Jina silitaji kwa sababu mzee mwenye eneo katuomba hivyo na tumempa neno letu.

Jumamosi alfajiri tukaanza kupanda, mizigo kichwani na mgongoni: mahema matatu ya kuazima, turubai, madumu manne ya maji, mchele, maharage, kamba. Wenyeji wanapanda kwa dakika 40, sisi tulitumia saa moja na nusu maana kila jiwe mtu anataka picha. Juu kuna uwanda wa mwamba mtupu, mpana kama kiwanja cha netiboli, umekatwa na ufa mmoja ambao mguu wa mtu mzima unaingia. Ziwa lote liko chini yako. Mitumbwi inaonekana kama maganda ya karanga.

Mchana tulivuta kamba, wanawake watano na vijana wawili dhidi ya wanaume saba, na wanawake wakashinda mara mbili mfululizo. Tukaruka kamba, tukakimbia kushuka na kupanda, wengine wakateremka kuvua kwa ndoano na wawili wakaoga ziwani. Maharage tuliyaweka motoni saa 4 asubuhi yakaiva saa 9. Saa 8 mchana mwamba ulikuwa haukanyagiki kwa mguu mtupu. Jua lilizama saa 12:50, upepo wa ziwani ukanyamaza ghafla, baadaye ukarudi kutoka nchi kavu, ukaingia moja kwa moja kwenye milango ya mahema.

Sasa kilichonileta. Saa 3:30 usiku tumekaa tunapiga soga, tukasikia KOO! Kama mtu kapiga pipa tupu kwa nyundo ya mbao. Si juu wala pembeni, ilitoka chini yetu. Mimi nilikuwa nimekaa chini na nikaisikia kwenye mifupa ya makalio kabla ya masikioni. Tukanyamaza. Saa 6 usiku ikarudia. Saa 10 alfajiri ikaja ya tatu, kubwa kuliko zote, na dada mmoja akaanza kulia.

Kulipokucha tukazunguka. Tukakuta kipande cha mwamba kimebanduka, ukubwa wa mlango, unene wa tofali la kuchoma, kimeinuka upande mmoja. Upande wa ndani ni mweupe mbichi, unametameta kama chumvi ya mawe. Jana yake hakikuwa hivyo, nina picha ya watu wamesimama hapohapo.

Ni nini hiki?

#2 SatoWaIgombe

Uzi mzuri. Picha mkuu.

#3 Kisiki

Naweka hema hapa nasubiri wajuvi.

#4 ChakiNaUbao

Karibu nikusaidie, nafundisha jiografia sekondari.

Hilo ni jua. Mchana uso wa mwamba unaweza kuzidi nyuzi 50, wewe mwenyewe umesema haukanyagiki. Lakini jiwe si chuma, halisafirishi joto upesi. Ngozi ya juu inatanuka, ndani bado kumepoa. Usiku ngozi inapoa haraka na kusinyaa, ndani bado kuna joto la mchana. Vutana nikuvute hiyo kila siku, miaka kwa maelfu, mpaka ganda linaachia kama ganda la kitunguu. Ndiyo maana vilima vya Mwanza vina migongo ya mviringo. Na ile ya saa 10 kuwa kubwa kuliko zote ni sawa kabisa, kuelekea mapambazuko ndipo baridi inakuwa kali kuliko usiku wote.

#5 Mpiga_Kasia

Mwalimu nakuheshimu, ila mimi navua maji yale miaka mingi. Usiku radi inapiga katikati ya ziwa karibu kila siku msimu wake ukifika. Nchi kavu kumetulia nyota zinaonekana, ziwani huko ni vita. Mleta uzi mwenyewe kasema upepo uligeuka. Usiku nchi kavu inapoa upesi, ziwa linabaki na joto, basi upepo unatoka pande zote za nchi kavu unakutana katikati ya maji, hewa inapanda, mawingu yanajengwa. Mchana ni kinyume chake. Na sauti juu ya maji usiku inasafiri mno, nikiwa mbali na nchi nasikia muziki wa harusi Igombe mpaka maneno. Mlichosikia ni radi ya mbali imegonga mlima ikarudi.

Halafu hema halifunguliwi kuelekea nchi kavu pale. Siku nyingine ulizeni wavuvi.

#6 MbioZaAlfajiri

@Mpiga_Kasia asante kwa la hema, tumelipia kwa baridi. Lakini radi inatangulizwa na mwanga. Tulikuwa macho wote saa 3:30, ziwa liko wazi mbele yetu, hatukuona mwanga wowote. Na hiyo miguu yetu iliyohisi?

#7 KengeMzee

Pimbi hao. Mlima wa mawe bila pimbi hakuna. Wakilia usiku mtu mgeni anaweza kukimbia aache viatu.

#8 DadaWaMwituni

@KengeMzee unachanganya ndugu wawili. Pimbi ni wa mawe, anaota jua asubuhi na kulisha mchana. Yule anayelia usiku sauti ya kukwaruza inayopanda mpaka inakuwa kelele ni perere, na perere ni wa miti. Wote ni jamaa wa tembo ukiwaangalia meno na miguu. Lakini hakuna hata mmoja anayebandua jiwe la ukubwa wa mlango.

#9 KengeMzee

Pimbi nao hulia usiku kukiwa na mbalamwezi, nimewasikia Saanane kwa masikio yangu. La mlango nakubali.

#10 BintiWaNyundo

Mleta uzi, umesema mlikuwa mmekaa mnapiga soga. Moto mliwasha wapi?

#11 MbioZaAlfajiri

Juu ya mwamba hapohapo, hakuna udongo pale juu. Tuliwasha kama saa 1 usiku, magogo makavu mawili makubwa na matawi. Tukauzima saa 4:30 kwa ndoo mbili za maji.

#12 BintiWaNyundo

Basi mimi naona jibu liko hapo.

Mama yangu alitulea sisi watano kwa kugonga kokoto. Jabali kubwa huwezi kulianza kwa nyundo, mkono utaisha. Jioni wanapanga kuni, wenye shida zaidi wanaweka matairi mabovu, wanawasha juu ya jiwe na kuondoka. Usiku jiwe linalia. Tulikuwa tunalala tunasikiliza, na mama alikuwa anajua kwa sauti tu. Ikilia kavu na ya juu anasema limeitika, ganda limeachia karibu na uso. Ikilia nzito ya chini anasema bado, kesho ongezeni kuni. Asubuhi anapita na nyundo ndogo akigonga taratibu, anainamisha sikio. Mahali palipoachia panaitika kama mtungi mtupu. Mahali pazima nyundo inarudi mkononi na kiganja kinauma. Akishapata mtungi wake anaingiza mtaimbo kwenye ufa, ganda linanyanyuka zima, ndipo kokoto inaanza.

Moshi wa matairi ulimharibu kifua, hilo sitalisahau. Lakini juu ya mawe alikuwa fundi kuliko watu wengi waliokaa darasani.

Nyinyi mmefanya kazi ya mama bila kujua. Moto kwa muda wa saa tatu na nusu nzima, halafu maji baridi ghafla. Mshukuru hakikuruka kipande usoni kwa mtu. Ndiyo maana jiwe la mtoni lenye unyevu haliwekwi jikoni kuwa figa, linapasuka.

#13 ChakiNaUbao

@BintiWaNyundo umeandika vizuri sana, nimesoma mara mbili. Naongeza tu kwamba ndani ya itale (graniti, jiwe la milima yetu hii) kuna chembe za kwatsi, zile zinazong'aa kama kioo, na zikifika nyuzi 573 zinatanuka kwa ghafla. Moto wa magogo unaweza kuzifikisha huko pale chini kabisa ya makaa. Kwa hiyo moto unavunja itale kuliko jua linavyoweza.

#14 MbioZaAlfajiri

Nakiri sikufikiria moto. Ila kuna tatizo. Kipande kilichobanduka hakiko pale tulipowasha. Nilihesabu asubuhi, hatua sitini, ng'ambo ya ule ufa. Pale pa moto pamekuwa peusi tu, kuna vijiganda vyembamba kama kucha, basi.

#15 Kisiki

Hatua sitini! Uzi unaanza upya.

#16 MsukumaWaKale

Mwangaluka bose.

Nimesoma yote. Mzee aliyewapa ruhusa aliwaambia nini kabla hamjapanda?

#17 MbioZaAlfajiri

Shikamoo mzee. Alitutaka tuseme tumetoka wapi na tumefuata nini, kwa sauti, pale chini kwenye mti. Tukafanya. Akasema giza likiingia tusipige miluzi, tusiitane majina kwa kelele, na tusiache kitu kinachonuka damu.

#18 MsukumaWaKale

Na miluzi?

#19 MbioZaAlfajiri

Mwamuzi wa kuvuta kamba alikuwa na filimbi. Mchuano wa mwisho wa kamba ulikuwa saa 1 na robo usiku, kwa mwanga wa moto.

#20 MsukumaWaKale

Marahaba. Sikulaumu, mwanangu, wewe ulisikia na ukasahau, watu wengi hawaambiwi kabisa. Kwetu mlima wa mawe una wenyewe. Masamva, roho za mababu, hawakai makaburini tu. Babu zetu walikuwa wanapanda kuomba mvua mahali kama hapo, na kijana aliyepanda kuchunga alijua mwamba upi anakanyaga na upi anazunguka. Mwamba ukilia, walikuwa wanasimama wanauliza umelilia nini, hawakukimbia. Sipingani na mwalimu wala na binti wa kokoto. Mimi nasema tu rudini kwa mzee mkamweleze, msikae nalo wenyewe.

#21 Nyuzi90

Mzee heshima yako, lakini karne hii tunaelezana masamva?

#22 BintiWaNyundo

@Nyuzi90 mama yangu kabla ya kuwasha moto kwenye jabali jipya alikuwa anamwaga maji kidogo na kusema samahani. Na ndiye aliyejua jiwe kuliko sisi. Acha mzee aseme.

#23 Mtaimbo_Mstaafu

Nimefanya kazi na mawe miaka thelathini, migodini na barabarani, niruhusuni nirekebishe mawili.

La kwanza, mwalimu amesema jua. Jua linafika kina kidogo, kuzidi nusu mita joto la mchana na usiku halitofautiani sana. Kipande cha unene wa tofali, sawa, jua linaweza kuhusika. Lakini yale maganda mazito ya mita na zaidi mnayoyaona kwenye milima yetu hayakutengenezwa na jua. Mawe haya yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalipoa chini sana, kilomita kadhaa, yakibanwa na uzito wa kila kilichokuwa juu yake. Mvua na mito imekula ile nchi ya juu mpaka mwamba umetokeza. Mzigo umetoka mgongoni, mwamba unafura kwa nje, unajipasua sambamba na uso wake. Kwa hiyo maganda yalishaachana zamani, jua linamalizia tu.

La pili, sikubaliani na wanaosema jua halitoshi kabisa. Agosti 2014 huko Twain Harte, California, Marekani, kuba la itale lilipasuka kwa kishindo mbele ya watu, hakuna moto, hakuna baruti, hakuna tetemeko. Ni msimu wa joto tu. Na wapo waliopima ganda moja la itale kule Yosemite, hukohuko California, likifunguka na kujifunga takriban sentimita moja kila siku, mchana linatoka, usiku linarudi.

@MbioZaAlfajiri swali langu: kabla ya usiku, mahali kile kipande kilipokuwa palikuwa na sauti gani mkitembea?

#24 MbioZaAlfajiri

Mkuu umenishtua. Tuliruka kamba hapohapo mchana, na wasichana walipenda pale kwa sababu panapiga "dundu dundu" kama sakafu ya mbao. Kwingine kote miguu hailii.

#25 Mtaimbo_Mstaafu

Basi ganda lilikuwa tayari limeachia kabla hamjafika. Huo ndio mtungi wa mama yake BintiWaNyundo. Watu kumi na wanne wanarukia juu yake siku nzima, jua la kiangazi, halafu baridi.

#26 BintiWaNyundo

Nakubali lilikuwa limeachia, lakini moto siutoi. Maji ya ndoo mbili yalikwenda wapi? Kama yaliteremka kwenye ule ufa na ufa unapita chini ya ganda, basi moto uko hatua sitini na maji yako chini ya mlango wako.

#27 MbioZaAlfajiri

Yaliteremka kwenye ufa. Tuliyaona yakimezwa.

#28 JiraniYaBukoba

Hakuna aliyefikiria tetemeko? Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, nilikuwa Bukoba. Tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu walikufa, nyumba nyingi zilianguka. Kabla ardhi haijatikisika nilisikia mngurumo kama lori limepita chini ya sakafu. Mwanza nako walilisikia siku ile. Vitetemeko vidogo watu hawavihisi wakiwa kitandani, lakini aliyekaa juu ya mwamba mtupu anahisi.

#29 MbioZaAlfajiri

Pole sana kwa yaliyokukuta. Tulipanga sufuria nne moja juu ya nyingine na vifuniko vyake, hazikulia hata kidogo. Ndiyo maana tetemeko sikulitaja.

#30 SatoWaIgombe

Na machimbo ya kokoto? Baruti?

#31 Mtaimbo_Mstaafu

Saa 10 alfajiri hakuna machimbo halali yanayolipua. Na baruti ikilipuka kilomita mbili kishindo chake kinakuja na hewani pia, kifuani. Mleta uzi kaisikia kwa kukalia.

#32 NesiWaZamu

Samahani kutoka nje ya mada, jambo moja limenikaa. Umesema wawili walioga ziwani. Saa ngapi, na pwani ya namna gani?

#33 MbioZaAlfajiri

Kama saa 7 mchana, kwenye kighuba chenye majani.

#34 NesiWaZamu

Hapo hasa ndipo kichocho kilipo. Konokono wanakaa kwenye majani, na vijidudu vinatoka kwao kwa wingi jua likiwa kali, mchana huohuo mlioingia. Wasikimbilie kupima kesho, watapimwa bure na kuambiwa wazima. Mayai yanaonekana baada ya wiki sita mpaka nane. Wakipata homa, kikohozi au muwasho katikati hapo waseme waliingia ziwani, maana bila kusema wataanza kutibiwa kitu kingine. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi ikitolewa kwa wakati wake. Nimewaona vijana wenye ini lililoharibika kwa kitu ambacho kingemalizwa na vidonge vya siku moja.

#35 MbioZaAlfajiri

Ubarikiwe dada. Nimewapigia simu wote wawili sasa hivi, wameweka tarehe.

#36 Nyuzi90

Na maharage saa tano motoni? Ni kwa sababu ya urefu wa mlima, maji yanachemka kabla ya kupata moto wa kutosha.

#37 ChakiNaUbao

@Nyuzi90 nusu ni kweli. Uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo hata jikoni kwako Nyakato maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mlima ule unaongeza mita mia moja, mia mbili, hiyo haifiki hata nyuzi moja. Zamani wasafiri walipima kimo kwa njia hiyo, Speke, yule mpelelezi Mwingereza, naye alichemsha maji akasoma kipimajoto alipofika huku kwetu Agosti 1858. Mleta uzi, mliloweka maharage?

#38 MbioZaAlfajiri

Hatukuloweka.

#39 MamaNtilieKirumba

Basi mlima hauna kosa. Maharage ya zamani yasiyolowekwa yatakula mkaa wako wote hata ukiwa baharini. Loweka usiku, mwaga yale maji, funika sufuria na weka jiwe juu ya kifuniko.

#40 MwanaMabatini

Nilikuwa nasoma kimya lakini naomba kuuliza, na ninauliza kwa dhati.

Nyumba yetu iko mlimani, chini ya jiwe. Wanaoijua Mwanza wanajua ninachosema, nusu ya mlima ni nyumba na nusu ni mawe, na jiwe letu ni kubwa kuliko nyumba yenyewe. Baba alijenga hapo kabla sijazaliwa. Miezi hii ya kiangazi tunasikia usiku sauti hiyohiyo, ndogo, KO. Mama anasema ni bati linapoa. Lakini bati linalia tatatata, hii ni moja na inatoka nyuma ya ukuta wa chumba cha wadogo zangu. Baada ya kusoma #12 nimetoka na tochi nikagonga kwa nyundo. Kuna mahali panaitika kama mtungi.

Nifanye nini?

#41 Mtaimbo_Mstaafu

Mwanangu, kwanza wadogo zako walale chumba kingine leo. Sisemi jiwe linaanguka, nasema usilale karibu na kitu ambacho hujakijua.

Kesho mchana kaangalie haya. Kuna ufa wenye rangi mbichi, nyeupe au ya waridi, tofauti na weusi wa jiwe la zamani? Kuna vumbi au vijiganda vipya chini yake? Mti uliootea kwenye ufa umeinama zaidi ya zamani? Mizizi ya mkuyu inapasua itale polepole kuliko moto lakini haichoki. Je, udongo chini ya jiwe umeliwa na maji ya mvua au na mtu anayechimba mchanga? Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana ganda likibanduka linaanguka ganda, lakini udongo ukiondoka linakuja jiwe zima.

Halafu chukua saruji kidogo na mchanga laini, paka utepe mwembamba kukatiza ufa, upana wa vidole vitatu. Andika tarehe. Saruji haivutiki. Ufa ukitembea hata kidogo utepe unakatika na utauona. Weka tatu, juu, kati na chini.

Na mtu yeyote asiwashe moto wa takataka pale.

#42 BintiWaNyundo

@MwanaMabatini ongezea hili. Gonga kila mahali kila Jumapili kwa nyundo ileile, uchore kwa chaki mpaka wa pale panapoitika. Mpaka ukikua, usisubiri utepe ukatike. Nenda kwa mtendaji wa mtaa na picha zako, na uende na majirani, mtu mmoja hasikilizwi haraka.

#43 MsukumaWaKale

Na usiogope kumwambia mama yako. Mtu mzima akiona ushahidi mkononi mwa mwanawe hulainika.

#44 Mpiga_Kasia

Mimi bado nasema radi kwa ile ya saa 6 usiku. Lakini ya Mabatini si radi, hiyo nakubali. Binti, fanya walichokuambia.

#45 ChakiNaUbao

Nimewaza jana nzima. Labda tulikosea kutafuta sababu moja ya sauti tatu. Ya 3:30 moto unawaka, ya saa 6 baada ya maji, ya saa 10 baridi kali. Zinaweza kuwa kazi za watu watatu tofauti.

#46 Mtaimbo_Mstaafu

Au ni ganda moja lililokuwa linaachia hatua kwa hatua, na nyakati zimeangukia hivyo tu. Ufa ukianza kutembea hausubiri saa.

#47 MsukumaWaKale

Au filimbi ilitangulia zote, robo saa baada ya saa moja.

#48 MbioZaAlfajiri

Jana tumerudi kwa mzee, watatu. Tumemweleza yote pamoja na filimbi. Alisikiliza, akauliza ganda limeinuka upande gani. Nikamwambia upande wa ziwa. Akasema lile la nyuma yake liliinuka upande huohuo akiwa kijana anachunga, na akatuonyesha, limeshakuwa jeusi kama jiwe lingine. Sababu hakusema. Akasema tu kwamba tukirudi tusiruke kamba pale, na moto tuwashe chini kwenye udongo. Tumeweka utepe wa saruji kwenye ufa mkubwa na tumeomba kijana wake autazame.

#49 MwanaMabatini

Wadogo zangu wamehamia sebuleni. Mama amekuja na tochi, nikamwekea mkono wake kwenye jiwe na kugonga, hakusema tena habari ya bati. Ufa upo, mpya kwa upande wa juu, kama urefu wa kandambili. Udongo chini haujaliwa. Nimepaka tepe tatu leo saa 11 jioni, tarehe nimeichora kwa msumari kabla saruji haijakauka. Jumapili nagonga tena.

#50 BintiWaNyundo

Jumapili njoo utuambie. Nitakuwepo.